Ubadhirifu ndo wizi? Swali la mtoto wa darasa la tano

Si mnajua ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ilivyo, mwishoni mwa mwezi wa tatu inakabidhiwa kwa Rais, mwezi wa nne inatua bungeni, na kuanzia hapo taarifa ya habari ya usiku ni ubadhirifu tu, ubadhirifu wa fedha za umma, halmashauri fulani imetajwa kwa ubadhirifu. Binti yangu akaniuliza, mama, ubadhirifu ndo wizi? Swali zuri mno, maana hata watu wazima wengi wanavichanganya.

Sasa ukimfungulia Kamusi ya Kiswahili Sanifu ukamsomea kwamba ni kufuja mali ataitikia "aaah" na kesho hana habari, kwa sababu kufuja nako hakujui. Mi huwa naanzia na vitu vya mle ndani. Nikamwambia mwizi anachukua kisicho chake, mbadhirifu kitu anacho mkononi, ama chake ama kakabidhiwa akitunze, ila anakitumia hovyo hovyo mpaka kinaisha na hakuna cha maana kilichofanyika. Nikampeleka bafuni kumwonyesha dawa ya meno ya mdogo wake, anaibinya katikati inatoka kama nyoka, nusu inaishia kwenye sinki. Kaiba? Hapana. Haya, jina lake nani? Mbadhirifu! Mwenyewe akagundua limekaa kama mwaminifu na uaminifu, sikumwambia mimi.

Kilichomnogea zaidi ni asili yake. Ni Kiarabu, na mzizi wake una habari za mbegu, kuzirusha huku na huku. "Kwa hiyo kazitupa zote hajapanda hata moja?" Eee, hapo hapo. Ustadhi wa madrasa naye akamalizia kwamba Surat Israa aya ya 27 inawaita wabadhirifu ndugu wa mashetani, basi yule mdogo siku hizi anabinya dawa kiduchu mpaka namwambia aongeze jamani meno yataoza.

Wakishalishika watalitumia kila mahali, waacheni tu. Taa ikisahaulika, "mama, ubadhirifu wa luku!" Ila shangazi yao alipokuja akajiwekea sukari ya kutosha kwenye chai, mdogo akamwambia wazi wazi, shangazi wewe mbadhirifu. Wifi akacheka, mimi nikamwambia mtoto aombe radhi, na baadaye nikawakalisha wote wawili, maana hiki kipande ndo watu wengi tunakiruka. Kwanza hilo neno lina shutuma ndani yake, humwambii mkubwa usoni, ukilisema ujue umemlaumu mtu. Pili kutumia kingi peke yake si ubadhirifu, sukari shangazi kainywa yote na chai yake imekuwa tamu alivyotaka, sasa hasara iko wapi? Wakaanza kupima kila kitu, wali uliobaki tukala asubuhi siyo, bomba lililoachwa wazi ndiyo, wakabishana mpaka usingizi.

Juzi grupu la harusi ya baba yao mdogo imetumwa bajeti, keki ya ghorofa, matarumbeta, gari la kukodi la maharusi. Binti akaisoma yote kwenye simu yangu akauliza, hii je, maana watu watakula na watafurahi ila keki wataionja vipande vidogo tu? Nimemwambia akamuulize baba yake, yeye ndo mwenyekiti wa kamati.