Fahali alipokataa kupanda, nilianza na kwato

Fahali wangu wa Friesian alianza kusitasita. Alimnusa ng'ombe aliye kwenye joto, akamwekea kidevu mgongoni, kisha akarudi nyuma. Hapa Dagoretti machinjio hayako mbali, na jirani akanishauri waziwazi, "Mzee, huyo nguvu zimemwisha. Muuze angali na nyama." Nikamjibu kwamba nitamtazama kwanza akitembea.

Nilimpitisha kwenye sakafu ngumu, kwa sababu matope huficha mengi. Kila hatua alipinda mgongo kidogo na kuupeleka nje mguu wa nyuma wa kulia. Hamu alikuwa nayo, tatizo lilikuwa mguu. Fahali akipanda, uzito wake huangukia miguu ya nyuma, na Friesian mkubwa huweza kufika kilo 1,000. Kidonda kidogo kwenye wayo kinatosha kumfanya aache kazi, na mwenyewe ukadhani amekwisha.

Sikumwita fundi wa kwato peke yake. Nilimwita pamoja na daktari wa mifugo, kwa sababu mguu wa fahali hauinuliwi kwa ujasiri. Unahitaji dawa ya kutuliza na kamba za kumlaza. Chakula tulimnyima tangu jioni, maana ng'ombe akilazwa ubavu huku tumbo limejaa hujaa gesi upesi.

Ubishi ukaja kwenye kiasi cha kukata. Ukwato hukua karibu milimita 5 kwa mwezi, na dume anayeshinda zizini hausugui vya kutosha. Fundi alitaka kuzichonga kwato za miguu yote minne zifanane, apendeze. Nilimwomba aiache ya mbele: alikuwa akisimama sawa juu yake, visigino viko imara, hakuna ufa. Ukwato mrefu kidogo unaobeba vizuri namwachia mnyama. Tena kile kipimo cha ng'ombe jike, sentimita 7.5 upande wa mbele, hakimfai fahali. Mwili wake unadai ukwato mrefu zaidi na wayo mnene. Nyuma, fundi alipunguza kidogo kidogo huku daktari akibonyeza wayo kwa kidole gumba. Wayo ukianza kubonyea, kisu kinawekwa chini.

Chini ya ukwato wa nje, karibu na kisigino, tulikuta damu imevilia na kidonda. Ndipo panapoumia mara nyingi kwa miguu ya nyuma. Waliondoa gamba lililoachana, wakamaliza kwa kubandika kibao chini ya ukwato wa ndani, ulio mzima, ili ule mgonjwa uning'inie bila kugusa sakafu. Kibao hicho nakithamini kuliko sindano yoyote aliyopata siku ile.

Kupumzika ndiko kulikokuwa kugumu, kwangu na kwa majirani. Wengi hapa hupandikiza ng'ombe wao mbegu za fahali kutoka Kabete, kituo kilichoanza 1946, lakini ng'ombe anayerudia joto bila kushika mimba huletwa kwangu. Mama mmoja alikuja na mtamba wake akinisihi. Nikamwambia, "Mama, hata akipanda leo huenda usipate ndama." Ugonjwa unaopandisha homa huweza kuharibu mbegu, na mbegu mpya huchukua takriban siku 60 kutengenezwa. Alielewa, akaenda kumwita mtaalamu wa kupandikiza mbegu.

Wakati huo nilipunguza machicha ya bia na pumba, nikaongeza nyasi kavu. Wanga mwingi huchachusha tumbo, na athari yake hushuka hadi ndani ya kwato. Zizi nililiinua lisituamishe maji kabla ya mvua za Machi. Kwa kuogesha kwato natumia mrututu, yaani salfeti ya shaba, kilo 5 kwa lita 100 za maji, na sithubutu kumwacha anywe wala kuyamwaga mtoni.

Fahali huyo sasa anapanda. Uamuzi mwingine ulimhusu mwanawe, dume changa mwenye ukwato uliojisokota kama parafujo. Mtu alinishauri nimchonge anyooke, nimuuze kama dume la mbegu. Kasoro hiyo huweza kurithiwa, na tupa hainyooshi kilicho kwenye damu; wafugaji wangeigundua kwa ndama zao. Nilimhasi.