Semuliki, Kwenye Njia ya Okapi

Taksi tuliyoipanda Fort Portal ilijaa hadi mlangoni. Ilizunguka kona za ncha ya kaskazini ya Rwenzori, kisha bonde la Semuliki likafunguka chini yetu, na ng'ambo ya mto misitu ya Kongo. Ninafundisha zoolojia Kampala, na nilikwenda huko kwa sababu wanafunzi huniuliza kama msomi anaweza kuishi kwa kutafiti mnyama ambaye hajathibitishwa. Wanaotaka jibu la ndiyo hutaja okapi, mnyama wa msituni ambaye wanasayansi wa Ulaya hawakumtambua hadi mwaka 1901, na msitu wa Semuliki ni kipande cha mashariki cha msitu wa Ituri alikotoka.

Harry Johnston, aliyekuja Uganda mwaka 1899 kama kamishna wa Waingereza, alisikia habari za mnyama huyo kutoka kwa Wambuti, wenyeji wa msitu wa Ituri, aliokuwa akiwarudisha kwao Kongo. Walipomwonyesha nyayo zake alikataa kuzifuata, kwa kuwa yeye alitarajia ukwato mzima wa punda milia, na zile zilikuwa za kwato zilizopasuka kati. Wenyeji walikuwa sahihi. Vipande vya ngozi alivyopeleka London vilimfanya mnyama apewe jina la jamii ya farasi mwaka 1901, na fuvu lilipofika mwaka huohuo ikaonekana kwamba ni ndugu wa twiga.

Sempaya niliwapita watalii waliokuwa wakichemsha mayai kwenye chemchemi (harufu ya kiberiti hainipi hamu ya kula), nikaingia msituni na mwongozaji aliyezungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kongo. Nilimuuliza kuhusu okapi.

"Mwalimu, upande huu hayupo tena," alisema. "Ukimtaka, uvuke mto. Lakini wazee hapa hawakuwahi kumwita mnyama wa hadithi."

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaomtumia okapi kama ushahidi wao, maana fumbo lilikuwa la Ulaya peke yake. Msomi aliyejaribu kweli kutafiti mnyama ambaye hajathibitishwa ni Grover Krantz, mwanaanthropolojia wa Washington State University, aliyetumia miaka mingi kumtetea Bigfoot, jitu la manyoya linalosimuliwa Marekani, akafikia kulipatia jina la kisayansi kwa kutegemea nyayo na filamu. Wenzake walimbeza na kupanda kwake cheo kulicheleweshwa. Alipofariki mwaka 2002 aliiachia taasisi ya makumbusho ya Smithsonian mifupa yake mwenyewe. Ya Bigfoot hakuipata kamwe. Ninamheshimu kwa ukaidi wake, lakini jina hutolewa baada ya kupata ngozi au fuvu, kama ilivyokuwa kwa okapi.

Tulipokuwa tukirudi barabarani nilimwambia mwongozaji kwamba yupo mwanafunzi wangu anayetaka kuandika tasnifu juu ya Lukwata, yule mnyama wa Ziwa Victoria katika masimulizi ya Waganda. Alitaka kujua kama nitamruhusu. Nilimjibu kwamba nitamruhusu, mradi aanze kwa wavuvi, na asilipatie jina la Kilatini jambo ambalo bado ni masimulizi.