Hardwick Hall, Jumba la Mawe na Vioo

Kabla sijauona mlango wa Hardwick Hall niliziona herufi. Juu ya minara yake sita, herufi E na S zimechongwa kwa mawe na kuvishwa taji, zikionekana waziwazi angani. Ni za Elizabeth Shrewsbury, anayejulikana zaidi kama Bess of Hardwick, mjane tajiri aliyelijenga jumba hili huko Derbyshire, Uingereza, kuanzia mwaka 1590 na kuhamia mwaka 1597.

Jumba limejengwa kwa mawe ya mchanga yaliyochimbwa kwenye kilima hichohicho lilikosimama, lakini kilichonifanya nisimame uani kwa muda mrefu ni vioo. Madirisha yamechukua sehemu kubwa ya uso wa jengo hata nikajiuliza ghorofa tatu za mawe zinabebwa na nini. Jibu nililipata ndani. Robert Smythson, mwashi aliyewahi kufanya kazi Longleat, jumba jingine kubwa la Uingereza, na ambaye anatajwa kuwa ndiye mchoraji wa ramani ya Hardwick, hakuziweka dohani nyingi kwenye kuta za nje. Alizificha ndani ya kuta nene za katikati, nazo zikawa zinapitisha moshi na papo hapo kubeba uzito wa jengo. Kuta za nje zikapunguziwa mzigo, zikapokea vioo. Baadhi ya madirisha hayo ni pambo tu, kwani nyuma ya kioo kuna ukuta. Yaliwekwa ili pande zote zilingane, na kwa macho yangu uamuzi huo ulikuwa sahihi.

Ukumbi wa chini haukulazwa sambamba na uso wa nyumba kama ilivyokuwa desturi, bali unaanzia mlangoni na kukata jengo katikati. Kutoka hapo nilipanda ngazi ndefu ya mawe inayopinda taratibu. Ghorofa ya chini ilikuwa ya kazi na watumishi, ya kati ya familia, na ya juu kabisa ya kupokelea wageni wa heshima, kwa hiyo madirisha huzidi kurefuka kadiri unavyopanda. Nilipofika katika chumba kikuu cha juu niliinua macho na kuona lipu iliyofinyangwa na kupakwa rangi ikizunguka kuta zote: msitu, wanyama, na mungu wa kike Diana kati yao. Sijaona kazi ya lipu iliyonigusa kuliko hiyo.

Sebule ndefu iliyo pembeni, yenye urefu wa takriban mita 51, niliikuta na mwanga hafifu. Mapazia yameshushwa ili jua lisiendelee kuchujua vitambaa vilivyofumwa karne nyingi zilizopita. Nilisikitika kuona vioo vimefunikwa, ingawa nisingependa vitambaa hivyo vipotee.

Nilipotoka nilivuka hatua chache hadi kwenye magofu ya jumba la zamani, ambalo pia ni la Bess. Paa halipo na sakafu nyingi zimeanguka, lakini meko bado yamening'inia ukutani, moja juu ya jingine, ghorofa baada ya ghorofa. Nikiwa chini yake niligeuka kulitazama jumba jipya, na safari hii, nyuma ya vioo vyake, niliweza kukisia mahali ukuta wa katikati ulipopita.