Kugeuza maandishi kuwa tarehe ndani ya R: ninavyofanya na rejista za Goma

R ni programu ya kuchambua takwimu, nami huitumia kwa rejista za vituo vya afya hapa Goma. Rejista hizo hufuata mtindo wa Kifaransa: siku, mwezi, mwaka. Zikishaingizwa Excel, safu ya tarehe hunifikia na sura tatu: 15/03/2023, 15 août 2023, na namba tupu kama 44989. Naisoma yote kama maandishi, kwa read_excel (ya kifurushi cha readxl) yenye col_types = "text". Safu ya asili siigusi; matokeo yanaingia safu mpya.

Sura ya kwanza ni nyepesi:

d$siku <- as.Date(d$tarehe, "%d/%m/%Y")

Muundo huo, "%d/%m/%Y", usiuache. Bila huo R hutafuta mwaka mwanzoni, na 03/04/2023 inageuka 0003-04-20 bila onyo lolote. Y nayo iwe kubwa: %y ndogo husoma tarakimu mbili tu, basi 2023 inakuwa 2020. NA, alama ya R ya thamani inayokosekana, hainitishi, maana inaonekana. Tarehe ya uongo iliyopita kimya ndiyo inayoharibu hesabu, kwa hiyo kila mara naita range(d$siku, na.rm = TRUE), inayoonyesha tarehe ya mwanzo na ya mwisho, kabla ya kuendelea.

Kwa majina ya miezi natumia gsub, inayobadilisha neno kwa jingine: " août " inakuwa "/08/", na " aout " pia, kwani wengi hawaandiki kile kikofia. %B, alama ya jina la mwezi, ingeweza kuyasoma, ila hufuata lugha iliyowekwa kwenye kompyuta; mashine iliyowekwa Kiingereza itakurudishia NA.

Kazi iko kwenye namba. Excel ya Windows huweka tarehe kama hesabu ya siku, na R huzifungua hivi (x ni namba hizo):

n <- as.Date(as.numeric(x), origin = "1899-12-30")

44989 inatoa 4 Machi 2023. Je, ni kweli? Kama Excel ilikuwa na mpangilio wa Marekani, mwandishi aliandika 03/04/2023 akimaanisha tarehe 3 mwezi wa nne, Excel ikaweka mwezi mbele. 15/03/2023 haikuiweza, kwa kuwa hakuna mwezi wa 15, ikaiacha kama maandishi. Dalili yake: namba zote za faili hilo zinatoa siku isiyozidi 12, na maandishi yote ya sura ya kwanza yana siku kuanzia 13. Hapo narudisha mwandiko wa awali, kisha nausoma upya:

as.Date(format(n, "%m/%d/%Y"), "%d/%m/%Y")

Fanya hivyo faili kwa faili, kabla ya kuyaunganisha. Yakishachanganyika, dalili hiyo huioni tena.