Baridi ya Mbeya haitoshi kupoza prosesa

Kompyuta yangu ya kwanza ya kujiunganishia mwenyewe naitumia kuchora ramani za nyumba na kutengeneza picha zake za pande tatu, nayo iko katika chumba kidogo Isanga, jijini Mbeya. Mashine iliwaka vizuri na Windows ikakaa bila shida, lakini jambo moja lilinishughulisha kuliko mengine yote: kila nilipoanza kurenda picha, yaani kuiachia kompyuta ikokotoe picha kamili kutokana na mchoro, joto la prosesa, kile kifaa kikuu cha kukokotoa, lilipanda hadi nyuzi 100 za Selsiasi ndani ya sekunde chache na kuganda hapo hapo, ilhali chumba chenyewe kilikuwa na nyuzi 18 tu. Naandika haya kwa ajili ya mwenzangu wa Nyanda za Juu Kusini ambaye ameagiza vifaa vyake kutoka Kariakoo, vikamfikia kwa basi, akaviunganisha mwenyewe, na sasa anatazama tarakimu za joto bila kujua azisomeje.

Prosesa yangu ni Core i7-12700 ya kampuni ya Intel, yenye viini 12 vya kukokotoa, yaani vikubwa 8 na vidogo 4, na imefungwa kipoza-joto kilichokuja nayo ndani ya boksi, kinachoitwa Laminar RM1. Mtu wa kwanza niliyemweleza habari hii ni fundi mmoja mzee wa Mwanjelwa ambaye ametengeneza kompyuta za ofisi kwa miaka mingi. Nilipomaliza kumwamkia na kumweleza, alinijibu, "Mwanangu, kwa baridi hii ya mwezi wa saba, hiyo mashine ipate joto kutoka wapi?" Jibu lake linabeba imani ya watu wengi wa huku kwetu, kwamba anayeishi Mbeya, Njombe au Makambako hana haja ya kuhangaika na upoaji kama mtu wa Dar es Salaam. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo una mpaka, na mpaka wenyewe unaweza kupimwa.

Kipoza-joto hakiwezi kuifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa ya chumba. Kinachofanyika ni kwamba prosesa huwa juu ya joto la chumba kwa kiasi fulani, na kiasi hicho hutegemea wati inazotumia na uwezo wa kipoza-joto wa kuziondoa. Chumba kikipoa kwa nyuzi 10, prosesa nayo hupoa kwa takriban nyuzi 10, basi. Mbeya ya asubuhi ya Julai inaweza kukupunguzia nyuzi 15 ukilinganisha na mchana wa Dar es Salaam, na hiyo ni nafuu ya kweli, lakini kama kipoza-joto chako kinazidiwa kwa nyuzi 40, baridi hiyo haikuokoi.

Kuna jambo la pili ambalo husahaulika kabisa, nalo linatuhusu sisi wa milimani. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko hewa ya pwani. Feni husukuma ujazo uleule wa hewa kwa kila mzunguko, lakini ujazo huo hapa una uzito mdogo zaidi, na hewa yenye uzito mdogo hubeba joto kidogo zaidi. Kwa kompyuta ya nyumbani tofauti hii ni ya nyuzi chache tu. Hata hivyo inakula sehemu ya faida ya baridi, na kwa hiyo mtu wa Mbeya asishangae kuona kipimo chake hakifanani na cha mtu wa pwani hata baada ya kutoa tofauti ya joto la vyumba.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, nilijifunza kusoma vipimo vitatu kwa pamoja. Programu ya HWiNFO, ambayo hupatikana bure, huonyesha joto la prosesa, wati inazotumia na kasi ya viini vyake kwa wakati mmoja. Joto peke yake halisemi mengi. Nyuzi 85 kwenye wati 150 ni ushahidi wa upoaji mzuri sana, na nyuzi 85 zilezile kwenye wati 45 ni dalili kwamba kipoza-joto hakijashika vizuri. Programu hiyo pia ina mistari inayosema ndiyo au hapana iwapo prosesa imejipunguzia kasi kwa sababu ya joto, na mistari hiyo ndiyo inayopaswa kutazamwa kwanza. Kwa prosesa hii nyuzi 100 ndizo kikomo kilichowekwa na Intel. Ikifika hapo hupunguza kasi na volti zake yenyewe ili isivuke, na ikishindwa kabisa kujizuia, mashine hujizima. Kwa hiyo haiungui mara moja kama watu wanavyoogopeshana, ila unakuwa umelipia kasi ambayo huipati, na feni inapiga kelele muda wote wa kazi.

Niongeze hapa jambo dogo linalowatisha wageni wengi. Joto linaloonekana ndani ya BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kabla Windows haijawaka, mara nyingi huwa juu kuliko lile la Windows ikiwa imetulia, kwa sababu ndani ya BIOS prosesa kwa kawaida haiingii katika hali zake za kulala. Ukiona nyuzi 45 kwenye BIOS na 32 kwenye Windows, hakuna kilichoharibika.

Hatua iliyofuata ilikuwa kukagua ufungaji, na hapa yule fundi mzee alinisaidia sana, kwani mkono wake unajua kazi. Kipoza-joto cha RM1 hushikwa na pini nne za plastiki zinazosukumwa hadi zinase upande wa pili wa ubao mama, yaani ubao mkuu ambao vifaa vyote huchomekwa. Alinionyesha kugeuza ubao na kutazama ncha za pini zote kwa nyuma, kwa sababu pini moja ikiwa haijanasa, upande mmoja wa kipoza-joto huinuka kwa unene wa karatasi na hewa huingia katikati. Hewa hupitisha joto vibaya mno, na kazi yote ya pesti inayopakwa kati ya prosesa na kipoza-joto ni kuziba vijishimo vidogo ambavyo hewa ingekaa. Pini zangu zote zilikuwa zimenasa, pesti ilikuwa imesambaa sawasawa, na feni ilikuwa imechomekwa mahali palipoandikwa CPU_FAN, ikizunguka kwa kasi yake kamili wakati wa kurenda. Kwa maneno mengine, ufungaji haukuwa na kasoro, na bado tarakimu zilikuwa 100.

Jibu lilikuwa kwenye ukomo wa wati, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa sababu ndiyo sehemu inayostahili maelezo marefu. Intel huipa prosesa hii viwango viwili. Cha kwanza, kinachoitwa PL1, ni wati 65, yaani kiwango ambacho mashine inatarajiwa kukaa nacho kwa muda mrefu. Cha pili, PL2, ni wati 180, kiwango cha kukimbia kwa muda mfupi kazi nzito inapoanza, na muda wenyewe unaopendekezwa kwa prosesa za aina hii ni sekunde 28. Mpango huo unaeleweka, kwani kazi nyingi za kompyuta ni za kushtukiza: kufungua programu au kuhifadhi mchoro. Prosesa hukimbia, humaliza, hurudi kupumzika kabla kipoza-joto hakijapata moto. Kurenda ni kazi ya namna nyingine kabisa, kwani inaweza kuvishughulisha viini vyote kwa saa nzima bila kituo.

Watengenezaji wa mbao mama wako huru kubadilisha viwango hivyo, na wengi hufanya hivyo kiwandani ili bidhaa yao ionekane na kasi zaidi kuliko ya jirani. Nilipoingia kwenye BIOS ya ubao wangu nilikuta PL1 na PL2 zote zimeandikwa 4095, tarakimu ambayo maana yake ni kwamba hakuna ukomo. Prosesa ilikuwa imeruhusiwa kuvuta wati inazotaka kwa muda inaotaka, huku kipoza-joto cha boksini kikiwa kimetengenezwa kwa ajili ya wati 65. Ilianza na karibu 180, ikagonga nyuzi 100, kisha ikashuka yenyewe hadi karibu wati 115 na kukaa hapo, kwa sababu hicho ndicho kiasi ambacho kipoza-joto kiliweza kukiondoa huku prosesa ikiwa kwenye kikomo chake. Naona ni vibaya kwamba mnunuzi hupewa mpangilio huu bila kuambiwa. Mtu mwenye kipoza-joto kikubwa hatadhurika nao, lakini mtu anayejenga mashine ya kwanza kwa akiba yake ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kutumia kipoza-joto cha bure.

Kipimo kile kibaya, hata hivyo, kilinipa tarakimu ya thamani. Wati 115 ziliiweka prosesa nyuzi 82 juu ya joto la chumba, ambayo ni sawa na takriban nyuzi 0.7 kwa kila wati. Ukiwa na tarakimu hiyo huhitaji tena kubahatisha. Wati 80 zitaleta nyuzi 56 juu ya chumba: kwenye asubuhi ya Julai yenye nyuzi 12 prosesa itakuwa na 68, na kwenye mchana wa Oktoba, chumba kikiwa na 28, itafika 84. Nilitaka mashine itakayofanya kazi miezi yote bila kujibana, hivyo niliweka PL1 kuwa 80, PL2 kuwa 125 na muda kuwa sekunde 28. Vipimo vilivyofuata havikupishana na hesabu kwa zaidi ya nyuzi mbili tatu. Picha iliyokuwa ikichukua dakika 40 sasa huchukua kama 46, na kwangu mimi hilo ni badiliko dogo kwa mashine inayofanya kazi kimya na umeme uliopungua.

Kwamba wati zilipungua kwa karibu theluthi na kasi ikapungua kidogo tu kuna sababu yake. Umeme unaotumiwa na transista, zile swichi ndogo mno zilizo ndani ya prosesa, huongezeka sambamba na kasi, lakini huongezeka kwa mraba wa volti, na prosesa huhitaji volti nyingi zaidi kwa kila hatua ya mwisho ya kasi. Volti ikishuka kutoka 1.2 hadi 1.1, kasi ikabaki ileile, matumizi hupungua kwa karibu asilimia 16. Ndiyo maana wenye prosesa za Ryzen za mfululizo wa 5000 za AMD, mshindani wa Intel, hupenda kupunguza volti kwa mpangilio unaoitwa Curve Optimizer. Kwa prosesa za Intel zisizo na herufi K mwishoni mwa jina, uhuru wa kugusa volti ni mdogo, na njia ya ukomo wa wati ndiyo salama zaidi.

Wapo wanaoshauri njia fupi zaidi: kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kupunguza kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Inafanya kazi, kwa sababu huzima kabisa kasi ya ziada. Lakini kasi ya msingi ya viini vikubwa vya prosesa hii ni gigahezi 2.1, ilhali kasi yake ya juu ni 4.9, kwa hiyo unajinyima sehemu kubwa ya ulichonunua hata katika kazi nyepesi zisizoleta joto lolote. Siishauri, isipokuwa kwa siku moja mbili wakati unatafuta tatizo.

Feni nilizipangia mwendo wa taratibu hadi nyuzi 60, kisha zipande kwa mteremko mrefu hadi kasi kamili kwenye nyuzi 85, maana mteremko mfupi huzifanya zipande na kushuka kila unapofungua faili. Vumbi la kiangazi la huku, kuanzia Juni hadi mvua zinaporudi, linahitaji kichujio mbele ya kasha na brashi kavu kila baada ya wiki kadhaa.

Lipo pia suala la kukatika kwa umeme na la tabia yetu ya kuzima soketi usiku. Mpangilio wa BIOS hulindwa na betri ndogo ya duara ya CR2032 yenye volti 3. Ikiwa betri ilikaa dukani muda mrefu na imechoka, kila soketi inapozimwa mipangilio hurudi ya kiwandani, na ile 4095 hurudi nayo kimyakimya. Dalili ya kwanza ni saa ya kompyuta kuwa nyuma. Ukiiona, badilisha betri, kisha rudi kwenye BIOS na uandike viwango vyako upya.

Anayetaka kurudisha zile dakika sita atalazimika kununua kipoza-joto kikubwa zaidi, na hapa kuna mtego kwa wanunuzi wa mitumba. Vipoza-joto vingi vinavyouzwa mjini vimetolewa kwenye kompyuta za ofisi za zamani, ambazo matundu yake ya kufungia yameachana kwa milimita 75. Soketi ya LGA1700, yaani kiti cha prosesa yangu kwenye ubao mama, ina matundu yaliyoachana kwa milimita 78, na uso wa prosesa uko chini kidogo kuliko zamani. Kipoza-joto cha zamani kinaweza kulazimishwa kikaonekana kimeshika, kumbe hakikandamizi vya kutosha. Muulize muuzaji kama kina vishikio vya LGA1700, na kama hana hakika, beba rula dukani upime mwenyewe.