Alama zinazobaki kwenye kompyuta ya injini: ninavyoikagua Golf GTI kabla mtu hajalipa

Muuzaji akisema kompyuta ya injini "imesharudishwa ya kiwandani", hapo ndipo ukaguzi wangu unapoanza. Kwenye Volkswagen za hapa Marekani, hasa Golf GTI na Golf R, kutuni injini, yaani kubadilisha programu ya kompyuta yake ili itoe nguvu zaidi, ni jambo la kila siku. Laptopu, waya mmoja kwenye soketi iliyo chini ya usukani, muda mfupi tu, na GTI ya 2019 iliyotoka na nguvu za farasi 228 inasogea karibu na 300. Nguvu hizo ni za kweli, sizibishii. Ila kurejesha faili ya zamani hakufuti yaliyopita, na wakala wa kampuni ana njia za kuyaona. Mimi hufuata njia hizo hizo, kwa kadiri vifaa vyangu vinavyofika.

Kwanza tuelewe wakala anaonaje. Gari likiingia kwa sevisi, fundi huunganisha mashine ya kampuni inayoitwa ODIS, nayo huzungumza moja kwa moja na seva za Volkswagen. Data iliyomo kwenye kompyuta ya injini inalinganishwa na ile ambayo kiwanda kinajua kuwa gari lenye namba hiyo ya chesisi linapaswa kuwa nayo. Zisipolingana, gari huwekewa alama ya TD1 kwenye mfumo wa dhamana. Watu wengi wanadhani fundi ndiye aliyewachongea. Mara nyingi fundi hakufanya lolote zaidi ya kuchomeka kifaa chake ili asome kodi, yaani namba ya hitilafu, iliyowasha taa ya injini. Alama ikishaingia, madai ya injini, turbo na gia boksi hukataliwa tangu kwenye mfumo, na inafuata namba ya chesisi. Ukirudisha programu ya kiwandani wiki ijayo, alama ipo. Ukiuza gari, anairithi mnunuzi.

Kwa hiyo hatua yangu ya kwanza haihitaji kifaa chochote. Napiga simu kitengo cha sevisi cha wakala yeyote wa Volkswagen, natoa namba ya chesisi, na kuuliza mambo mawili: dhamana imebaki kiasi gani, na je, kuna alama yoyote inayozuia madai ya injini. Wapo wanaojibu papo hapo, wapo wanaotaka mwenye gari apige mwenyewe. Basi namwomba muuzaji apige nikiwa nimesimama naye. Akikataa, hilo nalo ni jibu. Jambo hili lina uzito wa fedha, kwa sababu GTI za 2018 na 2019 zilitoka na dhamana ya miaka 6 au maili 72,000 inayohamia kwa mnunuzi, na za kuanzia 2020 zina miaka 4 au maili 50,000. Ukilipa bei ya gari lenye dhamana kumbe lina TD1, umelipia karatasi.

Kukosa alama hakumaanishi gari ni safi. Huenda halijawahi kupelekwa kwa wakala tangu lituniwe. Ndipo natoa adapta.

Adapta yangu ni ya kawaida, ile ya Bluetooth inayoongea na simu. Swichi nawasha bila kuwasha injini, nafungua ukurasa wa taarifa za gari, na kuandika mistari miwili. Wa kwanza ni CALID, jina la programu iliyomo. Wa pili ni CVN, tarakimu na herufi nane ambazo kompyuta huzikokotoa kutokana na programu yenyewe. Hata sehemu ndogo ya programu ikibadilishwa, CVN inayokokotolewa kwa haki inabadilika. Peke yake namba hiyo haikuambii kitu, lazima uwe na ya kulinganisha. Nimejiwekea picha za CVN za magari ambayo najua hayajaguswa, nimezipanga kwa mwaka, aina ya gia boksi na CALID. CALID ikiwa ileile na CVN ikawa tofauti, faili imebadilishwa. Zikilingana zote mbili, sishangilii bado, kwa sababu baadhi ya watengenezaji wa tuni huifundisha kompyuta kujibu CVN ya kiwandani inapoulizwa. Usidanganyike na mtu anayekuonyesha CVN nzuri akataka mfunge biashara hapo.

Kitu kigumu zaidi kukisafisha ni hesabu za uandikaji. Kompyuta za Volkswagen za miaka hii hutunza mara ngapi programu iliandikwa, ngapi zilifanikiwa, tarehe ya mwisho, na namba ya karakana iliyoandika. Kwa hili natumia VCDS, programu ya laptopu ya kusoma kompyuta za Volkswagen, maana adapta ya bei rahisi haifiki huko. GTI ambayo haijawahi kupata sasisho la wakala lakini kompyuta yake imeandikwa mara nne ina maswali ya kujibu. Lipo kosa hapa ambalo nimeona watu wakilifanya: kuhukumu kwa idadi tu. Wakala naye huandika programu mpya kwenye kampeni za marekebisho, kwa hiyo omba risiti za sevisi, linganisha tarehe. Uandikaji uliofanyika Jumapili usiku, ambao hauna risiti, si wa wakala.

Kisha naangalia kodi za hitilafu zilifutwa lini. Mwenye kurudisha programu huacha kumbukumbu za vipimo zikiwa zimefutika: katalisti (kisafisha moshi), sensa za oksijeni, mfumo wa mvuke wa petroli, vyote vinaonyesha havijakamilika. Simu inakupa pia maili tangu kodi zifutwe na idadi ya mara injini ilipopata moto tangu siku hiyo. Hesabu moja huongezwa pale maji ya injini yanapopanda angalau nyuzi 22 za Selsiasi na kufika 70. Gari la maili 41,000 linaloonyesha maili 38 na mara 4 tangu kufutwa, nauliza wiki hii kulitokea nini. Kipimo cha mvuke wa petroli huchelewa kwa sababu hakifanyiki tangi likiwa limejaa sana au limekaribia kukauka, hivyo hicho kimoja kikiwa bado sikipi uzito. Viwili vitatu pamoja, navipa uzito. Naangalia vilevile kodi za kudumu, ambazo magari ya Marekani ya kuanzia 2010 yanazo: hizo hazifutwi na mashine, kompyuta yenyewe huziondoa ikishajipima na kuridhika.

Programu ya tuni ikiwa bado imo, barabara inasema haraka kuliko namba zote. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Narekodi mistari minne kwa VCDS: mzunguko wa injini, presha ya hewa inayoombwa, presha inayopatikana, na marekebisho ya wakati wa cheche kwa kila silinda. Injini ikiwa imeshapata moto, barabara tupu na iliyonyooka, gia ya tatu, nakanyaga mafuta yote kuanzia mzunguko wa 2,000 hadi 6,000. Wengi huangalia presha inayopatikana. Mimi naangalia inayoombwa, kwa sababu hiyo inatoka ndani ya faili. Turbo iliyochoka inaweza kukupa presha ndogo hata kwenye gari lililotuniwa, lakini ombi halichoki. GTI ya kiwandani, usawa wa bahari, huomba karibu milibari 2,200 ukihesabu na hewa ya nje. Ombi likipita 2,500 sina la kujadili tena. Ukiwa Denver, ambako hewa yenyewe ni nyembamba, kumbuka kurekodi presha ya nje kwanza, la sivyo utalinganisha vitu viwili tofauti.

Mstari wa cheche nao usome. Kompyuta ikisikia injini inagonga, hurudisha cheche nyuma nyuzi kadhaa. Silinda zote nne zikirudishwa nyuzi 4 au 5 kila unapokanyaga, huenda programu iliandikwa kwa petroli ya oktani 93 na gari linanyweshwa 91, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwenye vituo vingi vya California. Injini ya namna hiyo imekuwa ikiumia kimyakimya.

Vipo viboksi vya nje, na hivi havigusi programu kabisa. Kiboksi hukaa kati ya sensa ya presha na kompyuta, kinaiambia kompyuta presha ni ndogo kuliko ilivyo, nayo inaongeza. CVN ni safi, hesabu za uandikaji ni safi. Mmiliki anakichomoa usiku wa kuamkia sevisi. Dalili ziko kwenye soketi zenyewe: kishikizo cha plastiki cha sensa kilichopauka pale kilipobanwa mara nyingi, soketi moja isiyo na vumbi wakati jirani zake zimejaa, tundu dogo kwenye mpira unaopitisha nyaya kuingia ndani ya gari. Na kiboksi kikiwa bado kimefungwa, kile cha aina rahisi hujionyesha kwenye marekebisho ya mafuta. Kompyuta inapiga petroli ya presha iliyodanganywa, sensa ya oksijeni inaona hewa imezidi, marekebisho yanapanda juu ya asilimia 10 ukikanyaga na kurudi karibu na sifuri ukiwa umesimama.

Mwisho nafungua plagi za cheche, injini ikiwa imepoa. Za kiwandani hubadilishwa kwenye maili 60,000. Gari la maili 25,000 likiwa na plagi mpya, tena za daraja la baridi zaidi, na mwanya umebanwa hadi milimita 0.6, kuna mtu aliyekuwa anapambana na cheche kuzimika. Presha kubwa ndani ya silinda inaifanya cheche ishindwe kuruka mwanya mpana, ndiyo maana wenye tuni huubana. Nazipima kwa geji ya majani, ile ya vipande vyembamba vya chuma, moja moja, na kuzirudisha kila moja mahali pake. Kwa gia ya mkono najaribu na klachi: gia ya nne, mzunguko 2,000, mafuta yote. Sindano ya mzunguko ikiruka na mwendo ukabaki palepale, klachi inateleza. Klachi ya kiwandani ya GTI hii inajulikana kushindwa na nguvu za tuni ya daraja la kwanza tu, hata bila turbo kubwa.

Kuhusu sheria, kuna upotoshaji wa pande mbili. Sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 haimruhusu mtoa dhamana kufuta dhamana yote kwa sababu tu umeweka kifaa kisicho chake. Inabidi uharibifu uhusiane na kilichobadilishwa. Mota ya kioo, kiyoyozi, redio, hivyo vinabaki kwenye dhamana hata gari likiwa na TD1. Lakini turbo iliyopasuka kwenye gari lililokuwa likiombwa milibari 2,500, hapo wakala ana hoja nzito, na sheria hiyo haikuokoi. Kuna pia dhamana ya shirikisho ya miaka 8 au maili 80,000 kwa katalisti na kompyuta ya injini. Nayo hailipii kilichoharibiwa na uchezeaji, na kuondoa katalisti ni kosa kisheria.

Ukikataliwa na unaamini umeonewa, usibishane kaunta. Omba barua inayotaja kifaa kilichoharibika, sababu waliyoiona, na kilichobadilishwa ambacho wanasema ndicho kilichosababisha. Omba nakala ya ripoti ya mashine ya siku hiyo. Barua iliyoandikwa tu "gari limetuniwa", bila kuunganisha na pampu ya maji inayovuja, ni dhaifu. Ipeleke kwa huduma kwa wateja ya kampuni, ikishindikana kwa mwanasheria mkuu wa jimbo au mahakama ya madai madogo. Pampu za maji za injini hii huvuja hata kwenye magari ambayo hayajaguswa, kwa hiyo hoja ipo. Ila usirudishe programu ya kiwandani ndipo uende kudai kana kwamba hakikufanyika kitu. Huo ni udanganyifu, na hesabu ya uandikaji inaonyesha tarehe.

Kwa anayenunua California kuna jambo la ziada. Tangu Julai 19, 2021, kituo cha kupima moshi husoma CALID na CVN, na gari lenye programu ambayo si ya kiwanda wala haina kibali cha jimbo linaanguka hata moshi wake ukiwa safi. Kwa hiyo hapo namwomba muuzaji cheti kipya cha moshi, chenye tarehe ya baada ya siku niliyosoma CVN, na ndipo naondoka kwenda kutafuta fedha.