Stabilaiza nimeitoa: ninavyolinda kompyuta nyumbani

Mwambie muuzaji yeyote Kariakoo kwamba umeme wa kwako unapanda na kushuka, jibu lake ni moja: chukua stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha volti. Kwa friji sina ugomvi. Kwa kompyuta, ushauri huo unakera.

Soma kibandiko cha pawa saplai yako au chaja ya laptop. Nyingi za siku hizi zimeandikwa 100–240V. Maana yake umeme ukishuka hadi volti 170 jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha pasi na majiko, taa zitafifia lakini kompyuta haina habari. Kinachoiua ni umeme kupanda, na hapo ndipo stabilaiza ya relei (swichi inayojibadilisha yenyewe kwa hatua) inapokusaliti.

Mimi nimepima. Jirani anachomelea mageti. Maabara bora kuliko hiyo hakuna. Akigusisha chuma, soketi yangu inashuka hadi 175. Stabilaiza inalia "ta!", relei inahamia hatua ya kupandisha, inatoa 225. Safi. Akiinua mkono, umeme unarudi 235 papo hapo, ila relei bado iko kwenye kupandisha. Piga hesabu: 225 gawanya kwa 175, zidisha kwa 235, unapata 302! Hudumu kwa sehemu ya sekunde tu, lakini hurudia siku nzima. Chomeka kwenye stabilaiza taa ya zamani ya wati 60 utaona: kila akiinua mkono, taa inamulika kupita kiasi. Malitimita (kipimo cha volti) ya kawaida haiwahi kuudaka mruko huo, ndiyo maana muuzaji anakuonyesha kioo kinachosoma 220 na kuapa.

Badala yake nimefunga kinga inayokata umeme. Ni kile kidude cha kidijitali kinachokaa baada ya sakiti breka. Cha kuchomeka ukutani pia kinafaa, mradi viwango vyake vinarekebishika. Cha juu nimeweka 250, cha chini 170, kusubiri sekunde 90 kabla ya kurudisha umeme. Usikiache kama kilivyotoka dukani. Vingi vimepangwa kwa ajili ya friji, vinakata umeme ukishuka hadi 185 na kusubiri dakika tatu. Kwa hali hiyo UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshika kompyuta umeme ukikatika, itaishi kwenye betri kila jioni, na betri yake ndogo ya 12V 7Ah haipendi maisha hayo.

Baada ya kinga inafuata UPS ya VA 650 (ndiyo ukubwa wake), ile yenye AVR, kisawazisha volti, ndani. Nayo hupandisha umeme, ila kwa asilimia 15 hivi tu, kwa hiyo mruko wake ni mdogo. Umeme ukipita 250, kinga inakata, UPS inadhani umeme umekatika na kushika kwa betri. Una kama robo saa ya kuhifadhi kazi. Umeme ukirudi, zile sekunde 90 zinapita kwanza, na hizo ndizo za hatari, maana mara nyingi hurudi ukiyumba.

Ekstensheni yenye kinga ya mruko haitoshi peke yake. Kidonge chake cha MOV, kinachomeza umeme uliozidi, kimetengenezwa kwa mruko wa kufumba na kufumbua. Nyutro (waya wa kurudisha umeme) ikikatika nguzoni, soketi inaweza kupata karibu volti 400 na zikakaa. Kidonge kinaungua tu. Unaponunua kinga hakikisha imeandikwa kwamba inavumilia 400.

Na athi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, jamani. Kasha la kompyuta likikupiga shoti ndogo ndogo, athi haipo. Pima laini (waya unaoleta umeme) na athi: isome karibu sawa na laini na nyutro. Nyutro na athi isizidi volti chache. Nyumba nyingi zina tundu la tatu lisilounganishwa popote, au fimbo ya shaba ya athi iliyochomekwa ardhini imeshang'olewa na wauza vyuma chakavu. Fimbo ya mita 1.2 na klampu yake nilinunua kwa elfu ishirini na kitu. Kiangazi mwagia maji pale ilipochomekwa.

Jumla ilinigharimu kama laki mbili na ushee, UPS ikila sehemu kubwa. Radi ikianza, chomoa plagi na waya wa intaneti pia. Radi haijali 250 yako.

Printa ya leza usiiweke kwenye UPS. Ikipasha moto inavuta mamia ya wati kwa mkupuo, UPS italia na kuzima kila kitu. Ichomeke moja kwa moja kwenye kinga. Ruta iache kwenye UPS, inakula wati kumi tu.